Daftari lenye ukurasa mmoja: uchambuzi wa somo la grafu gatini Lamu

Mama mmoja wa mtaa wa Langoni alifika shuleni Jumatatu asubuhi, akaweka daftari la Hisabati la bintiye juu ya meza ya mwalimu mkuu, akalifungua. Wiki nzima gredi ya saba wamesoma grafu, na mtoto amerudi nyumbani na ukurasa mmoja wenye mchoro na mistari michache ya maandishi. Binti wa jirani yake, aliye mkondo wa pili wa gredi hiyohiyo, ana kurasa saba zilizojaa hadi pambizoni.

"Sikuja kugombana na mtu, Mwalimu," alisema. "Mimi sikusoma sana, lakini daftari najua kulifungua."

Mwalimu mkuu alinitaka, kama mwalimu mwandamizi wa Hisabati na Sayansi, nikae na mama huyo na mwalimu wa somo, nisikilize pande zote, kisha nikiandike kisa hiki kwa kikao chetu cha walimu. Nimeacha majina nje. Naandika kwa sababu malalamiko ya namna hii yamekuwa mengi tangu Mtaala wa Umilisi (CBC), unaotaka mtoto ajifunze kwa kutenda, uingie madarasani nchini kote mwaka 2019, na mara nyingi tunayajibu vibaya: tunamwambia mzazi kwamba mambo yamebadilika, tunamsindikiza hadi mlangoni, basi. Mama huyu alistahili jibu bora, na alipolidai tuligundua jambo ambalo sisi walimu hatukuwa tumeliona.

Somo lenyewe

Mwalimu wa somo ni kijana anayeipenda kazi yake. Kwenye ukurasa wa kwanza wa faili lake la maandalio ameandika imani yake kuhusu elimu kwa sentensi moja: mtoto asiambiwe jambo ambalo angeweza kulifikia mwenyewe akipewa nafasi. Anaifuata kweli. Hasomi maelezo ili wanafunzi wanakili, na kipindi chake huanza na swali.

Kwa grafu alichagua bahari. Alitazama kalenda ya Kiislamu, akapanga somo liwe tarehe 16 ya mwezi, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, kwa kuwa mwambao wetu siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, muda ambao watoto wako shuleni. Siku moja kabla alimwomba nahodha mmoja amfungie boriti ya mkoko kwenye nguzo ya gati. Boriti ilitiwa alama za rangi nyeupe kila sentimita 10, na kati yake alama ndogo za sentimita mbili mbili. Barua za ruhusa zilikwenda kwa wazazi, walimu wawili wakaongozana na darasa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kushuka ngazi za gati.

Saa mbili kamili maji yalikuwa kwenye alama ya 160. Saa mbili na nusu yalikuwa 128. Hapo mwalimu alisimamisha kila kitu. Kila kundi lilitakiwa kuchora kwa kalamu ya wino, bila kufuta, mstari unaoonyesha maji yatakuwa wapi saa tatu, saa tatu na nusu na saa nne. Makundi karibu yote yalifanya hesabu ileile: yameshuka sentimita 32 kwa nusu saa, kwa hiyo yataendelea kushuka 32 kila nusu saa, na saa nne yatafika alama ya 32. Mstari ukanyooka vizuri kwenye karatasi.

Saa tatu maji yalisomeka 102. Saa tatu na nusu, 84. Saa nne, 74.

Kusoma boriti kwenyewe kulikuwa na darasa lake. Kila mashua ya injini ikipita, maji yalipanda na kushuka juu ya zile alama, watoto wakaanza kubishana wasome pale yalipofika juu au pale yaliposhuka. Mwalimu alinyamaza. Kundi moja likaamua lisome mara tatu na kuchukua wastani, na makundi mengine yakaiga. Nimefundisha wastani miaka mingi kwa alama za mtihani na urefu wa wanafunzi, na sijawahi kuona watoto wakiuhitaji kama siku ile.

Kilichotokea ndani ya makundi

Mtu akipita angeona watoto wote wanashughulika: huyu anaita namba, yule anaandika, mwingine anashika saa. Ukikaa karibu nao unaona tofauti kubwa.

Kundi moja lilikuwa na mtoto wa nahodha. Huyu hakuhitaji boriti. Alishasema mapema kwamba maji yakikaribia kupwa kabisa hupunguza mwendo, husimama, kisha hurudi. Ni kweli tupu, na ameijua tangu utotoni, maana njia ya mashua za kwenda Faza na Pate kupitia mkondo wa Mkanda hutegemea maji kujaa, na kwao nyumbani saa za maji ndizo saa za kazi. Wenzake walisikia, wakaandika alichosema, wakachora mstari uliopinda kidogo. Utabiri wao ndio uliokaribia ukweli kuliko wote. Lakini nilipowauliza baadaye, mmoja mmoja, kwa nini mstari wao umepinda, walinijibu kwa kumtaja mwenzao. Kundi lililopata jibu sahihi ndilo lililofikiri kidogo kuliko yote.

Binti wa yule mama alikuwa kundi jingine. Alichora mstari ulionyooka na akautetea kwa sauti. Saa tatu, namba ilipotoka 102 badala ya 96, alisema boriti imelegea. Akamfanya mwalimu aende kukagua kamba. Kamba ilikuwa imekaza. Saa tatu na nusu tofauti ilikuwa imekua hata hawezi kuilaumu kamba: yeye alitabiri 64, maji yako 84. Ndipo akauliza, "Mbona yanachelewa?"

Kwangu mimi swali hilo ndilo lililokuwa zao la asubuhi nzima. Hakuulizwa aulize. Alikuwa ameweka wazo lake kwa wino, bahari ikalikataa mara mbili, na akili yake haikuweza kutulia.

Mwalimu hakumjibu. Alisema watalijadili darasani. Darasani muda ukaisha, kengele ikalia, na swali likabaki hewani. Hapa ndipo ninapotofautiana na ile sentensi ya ukurasa wa kwanza. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hawezi kufikia mwenyewe, kwa kutazama boriti, kwamba safari ya maji kutoka kujaa hadi kupwa huchukua saa sita na dakika kidogo, kwamba huanza polepole, hushika kasi katikati na kupungua tena mwishoni. Wanamaji wana kanuni nyepesi ya kukadiria: ukigawa tofauti yote ya maji kwa 12, saa ya kwanza yanashuka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kwa kanuni hiyo darasa lingeweza kufanya hesabu tamu kabisa. Sentimita 86 walizopima kati ya saa mbili na saa nne ni takriban zile sehemu tatu za mwisho, basi tofauti nzima ya bamvua hilo ilikaribia sentimita 344. Dakika kumi za maelezo zingetosha, na watoto walikuwa na njaa ya kuyasikia.

Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa hoja mwaka 2006 ambayo wapenzi wa ufundishaji wa vitendo hawaipendi: kwamba anayeanza kujifunza jambo, akiachwa agundue bila kuongozwa, akili yake huelemewa na kutafutatafuta, na kinachobaki ni kidogo. Siikubali hoja hiyo kama sababu ya kurudi kunakili ubaoni. Lakini juu ya swali la binti huyu ilikuwa sahihi.

Mama anafungua kitabu cha kiada

Tulikaa wanne katika chumba cha walimu: mama, binti, mwalimu wa somo na mimi. Mwalimu alimwomba binti aeleze ule ukurasa mmoja. Akaeleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Akaonyesha mstari wake wa kwanza na ule wa pili, akasimulia habari ya kamba, akasema mstari ulionyooka maana yake kitu kinabadilika sawasawa kila mara, na uliopinda maana yake mwendo wenyewe unabadilika. Mama alisikiliza hadi mwisho.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Alichukua kitabu cha kiada kutoka mezani, akafunua sura ya grafu, akakuta grafu ya lita za maziwa zilizouzwa kwa wiki. "Haya, mwanangu. Hapa Ijumaa wameuza lita ngapi kuzidi Jumatatu?"

Binti alihesabu miraba, akasema nne. Kila mraba ulikuwa lita tano.

"Ndiyo hayo nisemayo, Maalim," mama akamwambia mwalimu, kwa upole kabisa. "Na huko bara wakitunga mtihani hawataweka boriti ya Lamu."

Hoja yake ilikuwa na uzito. Tathmini ya gredi ya tisa, KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, ni moja kwa nchi nzima. Mtoto anayeweza kusoma grafu ya gati tu bado hajajua kusoma grafu.

Tulitafuta sababu, na tuliipata haraka mno. Karatasi walizopewa watoto gatini zilikuwa zimechorwa tayari. Mwalimu, ili kuokoa muda, alikuwa amechora mihimili miwili, akaandika saa kwenye mlalo na sentimita kwenye wima, na akachagua mwenyewe kila mraba uwe sawa na ngapi. Watoto walitia nukta tu. Kuchagua skeli, kazi ambayo ndiyo kiini cha kujifunza grafu, ilifanywa na mwalimu usiku uliotangulia, nyumbani kwake.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku ile. Mwalimu aliyeamini kwamba mtoto asifanyiwe anachoweza kukifanya mwenyewe, alimfanyia kile hasa alichopaswa kukifanya, kisha akamnyima maelezo ya jambo ambalo asingeweza kulifikia peke yake. Nia ilikuwa njema na bidii ilikuwa kubwa. Kilichokosekana ni swali moja wakati wa kuandaa somo: katika kipindi hiki, ni fikra ipi ninayotaka itokee kichwani mwa mtoto, na ni nani atakayeifanya? Tukiuliza tu kama watoto wanashughulika, tutaridhika na mikono. Watoto wanaonakili ubaoni nao mikono yao inashughulika.

Ili niwe mwadilifu, niliwaita pia wanafunzi wachache wa mkondo wa pili, wa zile kurasa saba. Swali la maziwa walilijibu bila shida. Nikawapa namba mbili za kwanza za gatini na kuwaambia watabiri zilizobaki. Wakanyoosha mstari kama wenzao. Nilipowapa namba halisi, wengi walizitia kwenye grafu, wakaunganisha nukta, wakaweka kalamu chini. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wachache hao si utafiti, lakini walinionyesha kila mkondo umekosa nini.

Kuhusu kuhisi kwamba hujasoma

Utafiti juu ya ufundishaji wa vitendo si wa jana. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake huko Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi ya vyuo vikuu. Katika madarasa ya mihadhara mitupu wanafunzi walioanguka walikuwa karibu asilimia 34, na katika yale ambamo wanafunzi walishirikishwa, karibu asilimia 22. Ni vyuo vikuu, si gredi ya saba, lakini mwelekeo wake uko wazi.

Utafiti ulionisaidia zaidi kumwelewa mama huyu ni wa Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2019. Wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa walipata alama za juu kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, na bado walipoulizwa walisema wamejifunza kidogo. Kuhangaika na swali kunachosha, na uchovu huo huonekana kama kutojua. Mhadhara uliopangika hutiririka, na msikilizaji huhisi ameelewa. Ikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu anadanganyika hivyo juu ya kichwa chake mwenyewe, mzazi anayetazama daftari kwa nje anawezaje kulaumiwa?

Lakini mwambao huu wazazi wanacho kipimo kingine, bora kuliko kurasa, na wanakitumia kila siku. Chuoni, yaani kwenye madrasa ya Kurani, hakuna mzazi anayeuliza mtoto amenakili mbao ngapi. Mtoto hukaa mbele ya maalim akasikilizwa. Akikwama, anarudishwa nyuma; akipita, anasonga mbele; na mkubwa humsikiliza mdogo. Watu wengi wanaozungumzia ufundishaji wa kisasa huutazama uhifadhi wa chuoni kama adui. Mimi sikubaliani nao. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba anayejilazimisha kukumbuka alichosoma bila kutazama, baada ya wiki hukumbuka zaidi ya yule aliyekuwa akirudia kusoma tu. Kusikilizwa ni kazi hiyohiyo. Na mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia Mombasa mwaka 1986, kwa maombi ya viongozi wa jamii ya Waislamu na msaada wa Wakfu wa Aga Khan, uliweka pamoja dini, lugha ya mtoto na kujifunza kwa kushika vitu vya mazingira yake. Bi Swafiya Said, aliyeuongoza mpango huo, na walimu aliowafunza hawakuona haja ya kuchagua upande.

Kwa hiyo nilimwomba mama afanye na Hisabati anavyofanya na juzuu: daftari lifungwe, mtoto aeleze. Asipoeleza, atuletee. "Hilo naliweza," alisema. Akaongeza sharti lake: mazoezi ya kitabu cha kiada yafanywe pia, yaonekane. Mwalimu alikubali palepale.

Tulichobadilisha

Mpangilio wa somo umebadilika kuliko wingi wa shughuli. Watoto watapewa karatasi za miraba zisizo na chochote, wachague mihimili na skeli wenyewe, na wale watakaochagua vibaya grafu itawatoka nje ya karatasi waanze upya. Utabiri kwa wino unabaki. Ndio uliofanya kazi kubwa. Mabishano yakiisha, mwalimu anasimama mbele na kueleza, waziwazi, bila kuwazungushazungusha watoto kwa vidokezo. Kisha madaftari yanafungwa na kila mmoja anaandika nusu ukurasa kwa maneno yake. Siku inayofuata ni ya grafu za mbali: maziwa, mvua ya Kericho, bei ya mahindi.

Kuhusu mtoto wa nahodha tulijadiliana kwa muda mrefu. Haifai kumnyamazisha mtoto kwa sababu anajua, hasa mtoto ambaye masomo mengi humfanya ajione hajui. Tuliafikiana kwamba katika kila kundi wote waandike kwanza utabiri wao kimyakimya, na anayeijua bahari aseme wa mwisho, akiwa na kazi ya kuwaeleza wenzake sababu, si namba. Sina hakika kama itatosha.

Kuna gharama pia ambayo haifai kufichwa. Kipindi cha sekondari msingi ni dakika 40, na asubuhi ya gatini ilimeza vipindi vya walimu wengine wawili, ambao walilalamika na walikuwa na haki. Safari kama hiyo itakuwa moja kwa muhula. Siku nyingine ushirikishwaji utafanyika kwenye madawati. Eric Mazur wa Harvard alianza mwaka 1991 utaratibu usiohitaji kifaa chochote: swali moja gumu, kila mtu anachagua jibu peke yake, kisha anajaribu kumshawishi wa pembeni, kisha wanachagua tena. Darasa la wanafunzi 50 na ubao mmoja linaumudu. Nimemwona mwalimu huyu akiujaribu kwa sehemu na desimali, na kelele ilikuwa ile kelele nzuri.

Mwalimu wa mkondo wa pili naye ameomba boriti. Atakwenda wakati wa maji mafu, ambapo saa nne asubuhi hukuta maji yamejaa na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na amewataka watoto wa mkondo wa kwanza waandike utabiri wao wa namba atakazorudi nazo. Tumemkubalia kwa sharti moja, kwamba karatasi atakazobeba ziwe tupu.